Moses Finley: Msomi aliyefukuzwa Marekani, akaibadili historia ya Wagiriki wa kale

Machi 28, 1952, Moses Finley, mwalimu wa historia ya kale katika Chuo Kikuu cha Rutgers, jimbo la New Jersey, aliketi mbele ya kamati ndogo ya Seneti ya Marekani iliyokuwa ikisaka wakomunisti. Aliulizwa kama ni mwanachama wa Chama cha Kikomunisti. Akajibu kuwa si mwanachama. Akaulizwa kama aliwahi kuwa mwanachama. Hapo akakataa kujibu, akitumia Marekebisho ya Tano ya Katiba ya nchi hiyo, yanayomkinga mtu asilazimishwe kujitolea ushahidi dhidi yake mwenyewe.

Alikuwa na umri wa miaka 39, na kitabu chake cha kwanza ndiyo kwanza kimetoka. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa hana kazi. Miaka 27 baadaye, Uingereza ilimpa cheo cha Sir. Kati ya matukio hayo mawili, mtu huyu ambaye hakulelewa katika madarasa ya Kigiriki na Kilatini aliwafanya wanahistoria wa Ugiriki na Roma waanze kuuliza mambo ambayo kwa muda mrefu waliyaona si ya hadhi yao: nani alimdai nani, nani alimfanyia nani kazi, na nani alikuwa na sauti pale mambo yalipoamuliwa.

Kijana aliyewahi mno

Alizaliwa New York Mei 20, 1912, katika familia ya Kiyahudi, kwa jina la Moses Finkelstein. Jina la Finley alilichukua ukubwani. Masomo aliyapita mbio. Mwaka 1927, akiwa na miaka 15, alihitimu shahada ya kwanza ya saikolojia katika Chuo Kikuu cha Syracuse. Miaka miwili baadaye, Columbia ikampa shahada ya uzamili ya sheria ya umma. Katika umri ambao wenzake walikuwa wanatafuta chuo, yeye alikuwa anatafuta kazi, na alianza kuitafuta mwaka uleule uchumi wa dunia ulipoporomoka.

Njia ya kawaida ya kuwa bingwa wa historia ya kale, hasa Ulaya, ilikuwa kuanza Kilatini na Kigiriki utotoni, kukariri washairi, kisha kupanda ngazi ya chuo kikuu. Finley aliingia kwa mlango wa sheria. Alifanya kazi za utafiti katika ensaiklopidia ya sayansi za jamii, akasoma sheria ya Kirumi, akafundisha katika City College ya New York, na huko Columbia akawa mwanafunzi wa William Linn Westermann, mtafiti wa utumwa wa kale.

Hitler alipotwaa madaraka Ujerumani, kundi la wasomi wa Frankfurt chini ya Max Horkheimer lilikimbia na hatimaye likapata hifadhi Columbia. Finley alijiunga nao, akiwatafsiria, akiwahariria na kuandika mapitio ya vitabu katika jarida lao. Hapo alikutana na hoja nzito za Karl Marx na Max Weber zikijadiliwa kila siku kama mambo ya kufanyia kazi. Vilevile alikuwa katibu wa kamati iliyoongozwa na mwanaanthropolojia Franz Boas, iliyopinga nadharia za Wanazi kuhusu mbari. Harakati hizo ndizo zilizokuja kumponza.

Mawe ya rehani

Utafiti uliompa shahada ya uzamivu mwaka 1950, na kuchapishwa kama kitabu muda mfupi baadaye, ulihusu kitu kidogo sana kwa macho: mawe. Katika mashamba ya Attica, eneo lililoizunguka Athens, watu wa karne ya 4 KK na baadaye kidogo walisimika mawe yenye maandishi machache. Jiwe la namna hiyo lilitangaza kwamba shamba hili, au nyumba hii, imewekwa rehani kwa fulani, kwa drakma kadhaa. Mengine yalitaja afisa wa mwaka huo ili tarehe ijulikane. Hakukuwa na maelezo marefu wala masharti. Ilikuwa ni tangazo tu kwa anayepita na kwa anayetaka kununua, kwa sababu Athens haikuwa na daftari la ardhi la serikali.

Watafiti waliomtangulia walikuwa wameyasoma mawe hayo kama ushahidi wa wakulima wadogo waliokuwa wakizama katika madeni. Finley aliyapanga upya na kuuliza maswali ya mwanasheria. Mkopaji ni nani? Mkopeshaji ni nani? Fedha zimekwenda wapi? Majibu hayakufanana na hadithi iliyozoeleka. Kiasi kilichoandikwa mara nyingi kilikuwa kikubwa, hivyo wakopaji wengi walikuwa watu wenye mali. Na hawakukopa ili wanunue ng'ombe wa kulimia, wachimbe visima au wapanue kilimo. Mawe mengi yalihusu mali ambayo baba wa bibi harusi alimkabidhi mkwewe, na ambayo mkwe alipaswa kuirudisha iwapo ndoa itavunjika, basi shamba lake likawekwa dhamana. Mengine yalihusu mali ya yatima iliyokodishwa. Mengine yalitaja kundi la marafiki waliochangishana kumkopesha mwenzao aliyebanwa na shida.

Kwa hiyo mtu mwenye shamba aliweka rehani ili aoze, azike, au alinde heshima yake mbele ya watu wa rika lake. Ardhi ilikuwa hadhi na uraia kabla ya kuwa bidhaa. Mgeni, hata angekuwa tajiri kiasi gani, hakuruhusiwa kumiliki ardhi Athens mpaka apewe haki hiyo kwa uamuzi maalumu, kwa hiyo mfanyabiashara wa kigeni mwenye fedha hakuweza kukopesha kwa kushika shamba. Fedha na ardhi zilitenganishwa na ukuta wa kisheria. Hilo ndilo lililomfanya Finley aanze kushuku kwamba zana za mchumi wa kisasa, yaani soko, uwekezaji na faida, zinaweza kumpotosha anayesoma dunia ya kale.

Rutgers inamgeuka

Kitabu hicho kilipokuwa kinaelekea sokoni, jina la Finley lilikuwa tayari limetajwa Washington. Mwaka 1951 mashahidi mbele ya kamati hiyohiyo ya Seneti, iliyoongozwa na Seneta Pat McCarran, walimtaja kama mkomunisti. Mmoja wao alikuwa Karl Wittfogel, mtafiti wa historia ya China, Mjerumani aliyewahi kuwa mkomunisti mwenyewe na aliyefahamiana na Finley katika kundi lile la wasomi wa Frankfurt. Alidai Finley aliendesha kikundi cha masomo cha wakomunisti miaka ya 1930.

Baada ya Finley kukataa kujibu swali la kamati, Rutgers iliunda kamati ya walimu kuchunguza jambo lake na la mwenzake, Simon Heimlich wa kitivo cha famasia, aliyekuwa amefanya vivyo hivyo. Walimu hawakuona sababu ya kuwachukulia hatua. Bodi ya wadhamini iliona vingine. Desemba 1952 ilitangaza kuwa mwalimu kutumia Marekebisho ya Tano ni sababu tosha ya kumwachisha kazi. Mwisho wa mwezi Finley akawa nje. Hakuna aliyethibitisha kuwa amefundisha siasa darasani, wala aliyelalamikia ualimu wake. Kosa lake lilikuwa kutumia haki iliyoandikwa katika Katiba.

Miaka iliyofuata hakuna chuo cha Marekani kilichompa ajira ya kudumu. Alikaa akaandika. Mwaka 1954 kikatoka kitabu kilichomfanya ajulikane hata kwa wasiojua Kigiriki, cha kuhusu dunia ya Odysseus.

Homer na uchumi wa zawadi

Kitabu hicho kilichukua tenzi mbili za Homer na kuziuliza jamii yake ilivyoishi. Msomaji anayezifahamu anakumbuka jinsi Glaukos na Diomedes wanavyokutana katika uwanja wa vita, wakagundua babu zao waliwahi kukaribishana, wakaacha kupigana na kubadilishana silaha: mmoja akatoa za dhahabu zenye thamani ya ng'ombe 100, mwingine akatoa za shaba zenye thamani ya ng'ombe 9. Kwa mfanyabiashara, huyo wa kwanza amepunjwa, na hata Homer anamcheka. Ila Finley, akimfuata mwanaanthropolojia Mfaransa Marcel Mauss, alionyesha kwamba katika jamii ile zawadi ndiyo iliyojenga ndoa, urafiki, mapatano na utiifu. Kila zawadi iliacha deni, na deni hilo ndilo lililowafunga watu pamoja. Kiongozi alikuwa mkuu wa nyumba kubwa yenye ghala, mifugo, jamaa na watumwa, na nguvu yake ilipimwa kwa alivyoweza kugawa.

Kitabu kilitoka wakati mwafaka. Mwaka 1952 Michael Ventris, Mwingereza aliyekuwa msanifu majengo kwa taaluma, alifumbua maandishi ya vibao vya udongo vya majumba ya kifalme ya Pylos na Knossos. Wengi walitarajia kukutana humo na akina Agamemnon, wafalme wa tenzi za Homer. Walichokikuta ni kazi za makarani: hesabu za kondoo, sufu, shaba na posho za wafanyakazi. Kwa Finley huo ulikuwa ushahidi kwamba majumba yale ya kifalme, yenye urasimu mzito, siyo dunia ya Homer. Jamii ya tenzi aliiweka katika karne ya 10 na ya 9 KK, baada ya majumba hayo kuanguka. Vita vya Troy alivikataa kama tukio la historia, akisema tenzi peke yake hazitoshi kuvithibitisha, na mwaka 1964 alilumbana hadharani juu ya hilo na wasomi wenzake katika jarida la Kiingereza la taaluma ya Kigiriki. Leo wapo wanaoisogeza jamii ya Homer hadi karne ya 8 KK, na uchimbaji wa Troy umeendelea kuleta mapya, ila hakuna mtaalamu makini anayezisoma tenzi zile kama kumbukumbu za dunia ya vibao vya Pylos.

Cambridge yamchukua

Uingereza ilimwalika kutoa mihadhara Oxford na Cambridge, na mwaka 1955 Cambridge ikampa kazi ya kudumu. Akahamia na mkewe Mary, na mwaka 1962 akachukua uraia wa Uingereza. Mwaka 1970 alirithi kiti cha uprofesa wa historia ya kale kilichoachwa na A. H. M. Jones, na kuanzia 1976 hadi 1982 aliongoza Darwin College.

Alikuwa mtu wa hadhara pia. Alizungumza katika redio ya BBC, akaandika makala za magazeti kwa msomaji wa kawaida, akajihusisha na chama cha walimu wa masomo ya kale katika shule ili historia hiyo isibaki mali ya shule chache za watoto wa matajiri. Moja ya makala zake mashuhuri za wakati huo inahusu wanawake wa Roma, ambao karibu yote tunayoyajua juu yao yameandikwa na wanaume: mawe ya makaburi yanawasifu kwa utiifu na unyamavu, na sauti zao wenyewe hazisikiki.

Mwaka 1972, Rutgers ilimwita arudi kutoa mihadhara. Alikubali, na mada aliyoichagua ilikuwa demokrasia. Wakati ule baadhi ya wataalamu wa siasa Marekani walikuwa wakidai kuwa wananchi wengi kutojishughulisha na siasa ni jambo la afya, kwa kuwa mambo ya nchi yanahitaji mabingwa. Finley aliwapeleka Athens. Huko raia walikusanyika kwenye kilima cha Pnyx na kupiga kura wenyewe juu ya vita, kodi na sheria. Baraza la watu 500 lilijazwa kwa kura ya bahati, kwa mwaka mmoja, na hakuna aliyeruhusiwa kukaa humo zaidi ya mara mbili maishani. Mkulima wa kijijini aliweza kuamka siku moja akiwa mwenyekiti wa dola. Ujuzi wa siasa, alihoji Finley, hupatikana kwa kuifanya siasa. Mhadhara wa mwisho aliuelekeza kwa Sokrates, mtu aliyehukumiwa kifo na demokrasia hiyohiyo, na kwa swali la uhuru wa mtu mwenye mawazo yanayoogopwa. Wasikilizaji waliojua yaliyompata chuoni hapo miaka 20 nyuma hawakuhitaji kufafanuliwa.

Uhuru wa raia, mgongo wa mtumwa

Finley hakuipamba Athens. Katika makala ya mwaka 1959 alihoji kuwa uhuru wa raia na utumwa wa mgeni vilikua pamoja katika Ugiriki. Mwaka 594 KK mtunga sheria Solon alipiga marufuku Mwathene kufanywa mtumwa kwa sababu ya deni. Maskini wa mjini na shambani akawa mtu huru asiyeweza kulazimishwa kumtumikia jirani yake tajiri. Tajiri naye hakuacha kuhitaji mikono ya kazi. Akaitafuta nje, kwa Wathrakia, Wasiria na watu wa Frigia walionunuliwa sokoni. Kadiri raia alivyozidi kuwa huru, ndivyo alivyozidi kuhitajika mtu asiye na haki yoyote.

Alirudi katika jambo hilo mwaka 1980 kwa kitabu kilichowashambulia vikali wanahistoria, hasa wa Ujerumani, waliouremba utumwa wa kale kwa sifa za watumwa waaminifu na mabwana wapole. Aliwakumbusha mambo ambayo vitabu vyao vilipita kwa haraka: kwamba katika mahakama za Athens ushahidi wa mtumwa ulikubalika kisheria pale tu ulipotolewa chini ya mateso, kwamba mwanamume mzima aliitwa mtoto, na kwamba mwili wa mtumwa ulikuwa wazi kwa matakwa ya bwana.

Pale alipokosolewa

Kitabu chake kilichozusha ubishi mkubwa ni cha mwaka 1973, kuhusu uchumi wa kale, kilichotokana na mihadhara aliyoitoa Berkeley, California. Alidai kuwa Wagiriki na Warumi hawakuwa na uchumi kama mfumo wa masoko yanayotegemeana. Matajiri walitaka ardhi na heshima, si tija. Mji ulikula jasho la mashamba kwa njia ya kodi na pango, bila kuyalipa kwa bidhaa za viwandani. Usafiri wa nchi kavu ulikuwa ghali kiasi kwamba mji ulio mbali na bahari au mto haukuweza kutegemea chakula cha kuletwa.

Wanaakiolojia walimjibu kwa vitu. Ndani ya Roma kuna kilima kizima, Monte Testaccio, kilichofanywa na vigae vya mamilioni ya mitungi ya mafuta ya zeituni, mingi kutoka Hispania. Vipimo vya barafu ya Greenland vilivyochapishwa miaka ya 1990 vilionyesha kuwa uyeyushaji wa madini wakati wa Warumi ulichafua anga kwa risasi kwa kiwango kisichoendana na picha ya uchumi uliolala. Pwani yetu ya Afrika Mashariki nayo ni shahidi. Kitabu cha mabaharia cha karne ya 1 BK, Periplus ya Bahari ya Eritrea, kinaitaja Rhapta, soko la mwisho la Azania, lililotoa pembe za ndovu, pembe za vifaru na magamba ya kasa, na kupokea mikuki, mashoka, visu na vyombo vya kioo kutoka bandari ya Muza, Arabuni. Finley angejibu kuwa anasa za wachache haziufanyi uchumi wa dola kuwa wa soko. Jibu hilo lina uzito, lakini wingi wa ushahidi uliopatikana tangu alipoandika umewafanya wengi waone kuwa aliishusha biashara kupita kiasi.

Mwenyewe asingeshangaa. Katika kitabu cha mwaka 1985 aliwasema wanahistoria wanaorundika ushahidi wakitumaini utajieleza. Kwake, mtafiti lazima aanze na swali na kielelezo kilicho wazi, ili wengine wakione na waweze kukivunja. Alifariki Cambridge Juni 23, 1986, siku moja baada ya mkewe. Siku Mary alipofariki ndipo yeye alipopatwa na kiharusi.

Zanzibar katika mizani yake

Kielelezo kimoja cha Finley kinatuhusu moja kwa moja. Alitofautisha jamii zenye watumwa, ambazo zilikuwa nyingi, na jamii za kitumwa, ambazo matajiri wake walitegemea watumwa kwa pato lao. Hizi alizihesabu tano tu: Ugiriki, Roma, Brazil, visiwa vya Karibi na kusini mwa Marekani. Zanzibar haimo, ingawa kitabu cha Frederick Cooper juu ya utumwa wa mashamba ya pwani ya Afrika Mashariki kilikuwa kimetoka mwaka 1977, miaka mitatu kabla ya kile chake.

Chukua masharti matatu aliyoyaweka mwenyewe kueleza mahitaji ya watumwa yanatoka wapi: ardhi ya watu binafsi iliyozidi uwezo wa familia kuilima, mazao ya kuuza sokoni, na ukosefu wa nguvukazi ya wenyeji. Unguja na Pemba za karne ya 19 zilikuwa na mashamba makubwa ya mikarafuu mikononi mwa wamiliki wachache. Karafuu haikulimwa ili iliwe nyumbani. Ilipakiwa kwenda Bombay, Arabuni na Ulaya. Wenyeji wa Unguja walishikilia maeneo yao ya mashariki na kusini, na kazi ya kudumu ya mashamba ikafanywa na watu waliotolewa bara. Masharti yote matatu yametimia. Cooper alionyesha pia tofauti zilizokuwepo: uhusiano wa bwana na mtumwa ulipitia dini, ufuasi na ukoo kwa namna ambayo Marekani haikuijua. Tofauti hizo ni hoja ya kujadili jamii ile ilikuwa ya kitumwa kwa namna gani, wala haziiondoi kwenye orodha.

Watafiti wa miaka ya karibuni wameanza kuivunja hesabu ile ya jamii tano. Wasomi wa Zanzibar, Dar es Salaam na Mombasa, wenye nyaraka za mashamba, hati za rehani za karne ya 19 na simulizi za familia karibu nao, wako mahali pazuri kuliko wengine kuimaliza kazi hiyo. Na hati za rehani ni za kuanzia, kwa kuwa mashamba mengi ya mikarafuu yaliwekwa dhamana kwa wakopeshaji wenye asili ya India. Mkopaji alikuwa nani, mkopeshaji nani, na fedha zilikwenda wapi? Finley aliyaelekeza maswali hayo kwa mawe ya Attica. Kwa karatasi za Unguja na Pemba yanafaa vilevile, hata kama majibu yatampinga aliyeyatunga.